Naombeni ushauri: filamu yangu fupi ya katuni ya kumalizia chuo ni dakika 8, nimebakiwa na miezi mitatu

Penseli Kali

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa mwisho, nasomea michoro ya kompyuta hapa Dar. Kazi yangu ya kumalizia chuo ni filamu fupi ya katuni. Inamhusu mama lishe wa Feri, soko la samaki hapa Dar, na kunguru anayemwibia samaki kila asubuhi. Siku moja mama haonekani, na kunguru anaanza kumtafuta mtaa kwa mtaa.

Hadithi nimeshaiandika, inakwenda kama dakika 8. Nafanya kila kitu mwenyewe. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na haina grafiki kadi ya kwake. Nilitaka kuifanya 3D kwa programu ya Blender kwa sababu naona kazi nyingi zinatangazwa huko, ila mkono wangu umezoea kuchora. Msimamizi anasema nipunguze, na roho inaniuma maana kila tukio naliona lina sababu ya kuwepo. Nikomae na dakika 8 au nikate? Na sauti nitazipataje bila studio?

Fundi Fremu

Hongera mdogo wangu, hadithi ina moyo. Sasa tupige hesabu kabla hujachora chochote.

Filamu inakwenda fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Dakika 8 ni fremu 11,520. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kama wachoraji wengi wanavyofanya, unabaki na michoro 5,760. Miezi mitatu ukifanya kazi siku sita kwa wiki ni kama siku 72, kwa hiyo ni michoro 80 kila siku. Na hapo mistari hujaisafisha, rangi hujapaka, mandhari hujagusa. Ukiifanya ya sekunde 90, michoro inakuwa 1,080, yaani 15 kwa siku. Hiyo mtu mmoja anaimudu, na siku akiugua malaria kazi haifi.

Kwenye 3D hesabu ni nyingine. Tuseme laptopu inarenda, yaani inakokotoa picha kamili ya, fremu moja kwa dakika 2, na kwa Cycles, injini ya Blender ya kurenda, kwenye mashine yako hilo ni kadirio la huruma. Fremu 11,520 zitachukua siku 16 usiku na mchana bila umeme kukatika. Kata, dada. Msimamizi wako yuko sahihi.

Rangi za Tanga

Kukata nakubali, ila Blender asiitupe. Ndani yake kuna Grease Pencil, unachora kwa mkono kama kwenye karatasi huku ukiwa na kamera na nafasi ya 3D. Mama na kunguru wachore kwa mkono, meza za samaki na mapaa ya mabati yajenge kwa maumbo rahisi nyuma yao. Utajifunza programu inayotafutwa na mkono wako hautapotea. Ni ya bure, na kazi kubwa zimefanywa nayo: Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyochukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni mwaka 2025, imetengenezwa kwa Blender. Mandhari za rangi ya maji unaweza kuzichora kwa Krita, programu ya kuchora, nayo ni bure.

Halafu kabla ya kuanza, tengeneza animatiki. Piga picha storibodi yako, ile michoro ya hadithi tukio kwa tukio, kwa simu, zipange kwenye programu yoyote ya kuhariri video, soma maneno mwenyewe, kila picha ikae muda unaodhani itakaa. Mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi. Pale anapoanza kuangalia pembeni ndipo pa kukata.

Mtoto wa Kigamboni

Mimi si mtaalamu wa kompyuta, nachora tu. Ninachokuomba, usimchore kunguru kwa kukumbuka. Nenda Feri asubuhi, kaa pale samaki wanapoparuliwa, mrekodi kwa simu. Kunguru wa Dar yule mwenye shingo ya kijivu hatembei kama kuku. Anapiga hatua mbili tatu, kisha anaruka kiupande, na macho yake hayamwachi mwenye kisu. Kabla ya kupaa anakunja miguu na kushusha kifua, ndipo mbawa zinafunguka. Ukiiruka hiyo hatua ya kujikunja, ndege wako ataonekana kama anavutwa na kamba.

Na mama lishe mpe uzito. Anayenyanyua sufuria la wali hainui mikono tu, kiuno kinatangulia.

Msomaji wa Nairobi

Naongeza moja kutoka huku Kenya. Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever akiwa mwanafunzi Royal College of Art kule London, mwaka 2012. Ni filamu fupi, haifiki hata dakika 8, na amechanganya michoro ya mkono na watu halisi wanaocheza mbele ya kamera. Baadaye alikuwa mmoja wa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi za Kiafrika, ya mwaka 2023. Itazame hiyo Yellow Fever uone jinsi wazo moja linavyobeba filamu nzima. Kwako wazo ni kunguru kumtafuta mama. Ule wizi wa kila asubuhi unaweza kuuonyesha mara moja tu, mtazamaji ataelewa.

Penseli Kali

Asanteni sana wakuu. Hesabu ya michoro 80 kwa siku imenifungua macho. Nakata hadi sekunde 90, naanza kwenye meza tupu, wizi unakuwa kumbukumbu ya kunguru. Bado sauti. Na je, nikimaliza niweke YouTube siku hiyohiyo?

Sauti ya Pwani

Kwa hadithi hiyo usiandike mazungumzo kabisa. Utaokoa kazi yote ya kulinganisha midomo na maneno, na filamu itaeleweka popote. Kelele za Feri nenda karekodi mwenyewe kwa simu: mnada, honi ya pantoni, visu kwenye magamba. Simu iweke kwenye hali ya ndege ili isiite katikati, na ikinge upepo kwa kipande cha sponji. Sauti za karibu, kama mafuta yanavyochemka, zirekodi usiku chumbani, ukiwa umetundika mablanketi kuzuia mwangwi. Muziki usichukue wimbo wa mtu bila ruhusa ya maandishi, matamasha yataukataa. Tafuta mpiga zeze au gitaa hapo chuoni, muandikishiane.

Fundi Fremu

YouTube subiri. Matamasha mengine hayapokei filamu iliyokwisha kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo soma masharti ya kila moja kwanza. Anza na ZIFF ya Zanzibar. Annecy ya Ufaransa nayo ina kundi la filamu za kuhitimu, ambalo ni la wanafunzi kama wewe.

Jambo jingine, usirende moja kwa moja kuwa video. Toa picha za PNG, fremu moja moja kwenye folda. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 1,400, ukirudi unaendelea na ya 1,401. Ukirenda video, faili linaweza kuharibika lote ukaanza upya. Na kila jioni nakili folda nzima kwenye diski ya nje, isiyokaa begi moja na laptopu.