Vitabu vya kusoma nyumbani, Arusha na Moshi: maktaba, duka, mtumba au simu? Wenye uzoefu tulinganishe

Baba Neema (Sakina)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwezi natenga shilingi 40,000 za vitabu, na wasomaji ni wanne. Neema yuko darasa la pili, ana miaka 7. Kaka yake yuko kidato cha pili. Mama yangu anaishi Rau, Moshi, ametimiza miaka 68. Macho yamechoka, lakini halali bila kusoma kurasa mbili tatu. Wa nne ni mimi, mpenzi wa riwaya za upelelezi na historia ya nchi yetu.

Mwezi uliopita hela ilienda bure. Kijana nilimnunulia riwaya niliyoipenda mno nilipokuwa rika lake. Hii ni wiki ya tano, na kipande cha gazeti alichowekea alama bado kiko ukurasa wa 11. Nilipomuuliza akasema, "Baba, kila nikikishika inabidi nianze upya, nakuwa nimeshasahau." Neema nilimchukulia kitabu chenye picha nzuri za wanyama bila kutazama maandishi yake. Kumbe kila ukurasa una mistari 14 ya herufi ndogo. Anafunua, anaangalia picha, anakirudisha mezani. Mama nilimpelekea kitabu cha sala, cha tatu kwa mwaka huu. Alinishukuru, akakiweka juu ya vile viwili.

Siombi orodha ya vitabu. Naomba mnieleze ninyi mnafikaje kwenye kitabu kinachomfaa mtu. Maktaba, dukani, mtumba au simu, ipi inamfaa nani?

Mwalimu Mstaafu (Tengeru)

Baba Neema, usijilaumu. Hata shuleni tuligawa vitabu kwa kufuata darasa, na ndani ya darasa hilo hilo nilikuwa na watoto wanaosoma kwa mwendo wa aina tatu.

Kabla hujamnunulia Neema chochote, mfanyie jaribio la vidole. Afungue ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, na kila neno likimshinda akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho msomee wewe. Viwili au vitatu, hicho ndicho chake kwa sasa. Asipokunja hata kimoja, usimnyang'anye ukisema ni cha watoto wadogo. Mtoto anayesoma chepesi bila kukwama ndiye anayepata mwendo, na akishaupata ataomba kigumu mwenyewe.

Kwa umri wake mimi naanza na simu, kabla ya duka. Hadithi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto, ni za bure, za Kiswahili zipo nyingi, na zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile zenye neno moja moja kwa ukurasa mpaka ndefu za kusomewa na mkubwa. Ukurasa una picha na sentensi chache, basi. Zinaruhusiwa kuchapishwa. Mimi huzipeleka steshenari, nazikunja katikati na kuzishona kwenye mkunjo kwa sindano na uzi mweusi. Wajukuu wangu kila mmoja anachora jalada lake kwa kalamu za rangi. Mjukuu wa kike ana kumi na moja sasa, amezipanga kwenye boksi la viatu, na mgeni akifika analazimika kusomewa angalau moja.

Mtumba wa Memorial (Moshi)

Nichangie upande wangu, maana vitabu vyangu karibu vyote ni vya chini, vya kwenye turubai soko la Memorial.

Mtumba una faida kwa vitabu vya Kiingereza. Vya watoto vyenye kurasa ngumu vinakuja vingi, na riwaya za upelelezi za Uingereza na Marekani hazikauki. Kwa bei ya kitabu kimoja kipya unaondoka na vinne. Kijana wa kidato cha pili ambaye Kiingereza cha masomo kinamsumbua, kwa kuwa ametoka kwenye Kiswahili juzi tu, mpe vitabu vya mtumba vya watoto wa miaka tisa, kumi. Sura fupi, maneno ya kila siku. Havimtishi.

Kwa Kiswahili ni bahati. Lakini ukikutana na chapa za zamani zile za miaka ya sabini, karatasi imegeuka rangi ya chai, usiseme utarudi kesho. Hutakikuta.

Sasa sikia la muhimu. Niliwahi kununua riwaya ya upelelezi, nikaisoma siku tatu, nikafika mahali mpelelezi amewakusanya wote sebuleni, nikafungua ukurasa unaofuata: jalada. Niliumia sana. Tangu siku hiyo silipi kabla ya kuangalia vitu viwili. Naangalia ukurasa wa mwisho upo. Halafu naangalia namba za kurasa. Vitabu vingi hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo gundi ikiachia linatoka fungu zima, si karatasi moja. Kishike mgongoni, kitikise taratibu. Fungu lililolegea linajionyesha.

Da Zai (Kaloleni)

Mbona maktaba ya mkoa mnaipita kama kituo ambacho hakuna anayeshuka? Mimi ndiko ninakopata kila kitu.

Baba Neema, ukichukua kitabu cha maktaba usianze na jalada. Fungua mwisho, pale ilipobandikwa karatasi ya mihuri ya tarehe. Hiyo ndiyo inayosema kweli. Kuna kitabu kina mihuri miwili kwa miaka mingi, na kuna kingine mihuri imebanana mpaka wameongeza karatasi ya pili juu ya ya kwanza. Watu waliokitoa hicho hawajuani, hawakushauriana, na wote walikitaka. Nimegundua nusu ya vitabu ninavyovipenda kwa kusoma mihuri tu.

Na muulize mkutubi vizuri. Ukisema "nipe kitabu kizuri" atakupa anachokiona kizuri yeye. Muulize, "Kipi kinarudi kimechakaa?" Atacheka, halafu atakwenda moja kwa moja mpaka kwenye rafu.

Jambo jingine ni namba. Kwenye mpangilio wa Dewey, zile namba za mgongoni zinazopanga vitabu kwa mada, fasihi ya Kiswahili iko 896.392 na historia ya Tanzania ni 967.8. Ukishazijua hizo mbili, unasimama mbele ya rafu unasogea kushoto na kulia. Kitabu nilichokwenda kukitafuta mara nyingi nakiacha, narudi na cha jirani yake.

Njiro Usiku

Shikamoo mwalimu. Da Zai, hilo la mihuri sikuwahi kulifikiria, kesho naenda kuangalia.

Mimi natumia simu kutafuta na duka kununua. Kwa vitabu vya Kiingereza, Goodreads, tovuti ya wasomaji, inatosha: unasoma maoni ya watu waliokipa nyota mbili, si tano, kwa sababu wa nyota mbili wanasema hasa kilichowachosha, na unajua kama kitakuchosha na wewe. Kwa vitabu vya Kiswahili njia hiyo ni kavu, maoni ni machache. Huko mimi nafuata tuzo. Ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell mwaka 2014, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, inatafuta miswada mipya ya Kiswahili. Na kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023. Naandika jina la kitabu, naenda nalo dukani. Kisipokuwepo naomba waagize Dar, kinapanda basi na vifurushi.

Ndivyo nilivyopata *Peponi*, ile tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoifanya Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Naisoma taratibu, Kiswahili chake sitaki kiishe.

Kijana wako mpe pia Project Gutenberg. Ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vingi vya Kiingereza. Au kama shida ni hela, nina kundi la WhatsApp wanarusha nakala za riwaya za Kiswahili kila siku, nimuunge?

Da Zai (Kaloleni)

Mdogo wangu, hapo kwenye kundi hapana. Gutenberg ni halali. Zile riwaya za kwenye kundi mtu amezipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na mwandishi yuko hai anasubiri mauzo ili aandike ya pili. Tunalalamika Kiswahili hakina vitabu vipya, halafu vile vipya tunavigawa kama picha za harusi.

Njiro Usiku

Nimekuelewa dada. Nimejitoa.

Mzee wa Kibosho

Nimesoma yote. Nataka kuzungumzia huyo mama wa Rau, maana mimi ni rika lake na najua kinachompata.

Watoto wetu wakituona tumezeeka wanatuletea vitabu vya sala na vya sukari na presha. Wanatupenda, sisemi vinginevyo. Lakini mimi bado nataka kujua kama yule binti ataolewa na nani. Bado nacheka. Baba Neema, umewahi kumuuliza mama yako alikuwa anasoma nini kabla hujazaliwa? Muulize. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kama anapenda maisha ya watu wa kijijini, mtafutie *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza. Aliandika kwanza kwa Kikerewe, kisha akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ni kinene, kina ugomvi wa wakwe, pombe ya ndizi, dawa, kilimo. Kuna mahali nilikifunga nikakaa kimya, kwa sababu niliona nyumba ya babu yangu, na Ukerewe iko mbali na huku. Kama anapenda habari za watu wa kweli, Shaaban Robert aliandika maisha ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, kijitabu kifupi, anakimaliza kwa juma moja.

Kuhusu macho: likizo ikifika mpeleke huyo kijana Rau. Amsomee bibi yake. Usimwambie ni zoezi.

Mwalimu Mstaafu (Tengeru)

Mzee wangu umesema. Naongeza tu kwamba kijana achague mwenyewe cha kusoma, na kiwe cha sura fupi zinazokatika pale unapotaka kujua kinachofuata. Baba Neema, wewe unapenda upelelezi. Huyo mtoto anaangalia nini kwenye televisheni?

Baba Neema (Sakina)

Mwalimu, shikamoo. Anaangalia tamthilia za upelelezi, kila usiku, mpaka nazima.

Mwalimu Mstaafu (Tengeru)

Marahaba. Basi jibu unalo ndani ya nyumba. Mtafutieni Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilitoka 1960, na kiko hai kabisa.

Mtumba wa Memorial (Moshi)

Mwalimu, hapo tutofautiane kidogo. Bwana Msa nampenda, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, mtoto wa Sakina atakwama mwanzoni. Ningeanza na Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, anakimbia haraka. Ila Musiba aliandikia watu wazima, mzazi asome kwanza. Bwana Msa aje baada yake.

Baba Neema (Sakina)

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda maktaba na kijana. Nilimwonyesha mihuri, nikakaa pembeni. Alichukua dakika arobaini. Alitoa vitabu sita, akafungua nyuma kimoja kimoja, akabaki na viwili: Bwana Msa na kitabu cha mambo ya anga. Mkuu wa Memorial, ulisema kweli, kurasa za mwanzo alikwama. Lakini tulifanya alivyosema Mzee wa Kibosho, shule zilipofungwa nikampeleka Rau na kitabu chake.

Nilimuuliza mama ile habari ya kusoma zamani. Alinyamaza kidogo, akasema alipokuwa msichana walikuwa wanapeana riwaya moja mabweni mawili, kila mmoja usiku mmoja, na kwamba miaka mingi hakuna aliyemuuliza. Maneno yanayomshinda kijana, bibi anayajua. Kijana anasoma, bibi anafafanua.

Neema nimemchapishia hadithi sita, shilingi 4,500 pamoja na karatasi ngumu ya jalada. Moja tu ilimkunja vidole vinne. Nyingine anazisoma kwa sauti jikoni mama yake akipika. Kitereza nimeagiza, bado hakijafika. Jumla mpaka sasa sijafika 30,000.

Jana saa tatu usiku mama alinipigia. Kijana nilikuwa nimemrudisha Sakina asubuhi yake, na kitabu kikarudi naye kwenye begi, zimebaki sura mbili. Mama anasema nikirudishe kwa basi la kwanza, na msomaji wake akiwa ndani yake.

Mtumba wa Memorial (Moshi)

Mkuu, msimsumbue mtoto. Kuna nakala ya hicho hicho nimeiona leo kwenye turubai, jalada limechanika ila kurasa zote zipo, nimehesabu mafungu. Nimemwachia muuzaji hela. Kesho napita Rau mchana. Mwambie mama anitegemee, ila sura hizo mbili kijana amsomee kwa simu.