Majilio bila kuishiwa pumzi: mnapangaje wiki hizi nne?

Nuru_Alfajiri

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Majilio, zile wiki za kujiandaa kwa Krismasi, yanakaribia na swali langu ni la utekelezaji, mahubiri nitayasikia kanisani. Tunaambiwa ni kipindi cha matumaini na utulivu, lakini hapo hapo kuna mazoezi ya kwaya mara tatu kwa wiki, kufunga mahesabu ya mwaka kazini, vikao vya maandalizi, na kitabu cha tafakari chenye ukurasa wa kila siku. Mtu anayefika nyumbani saa moja jioni akiwa hoi apange kitu gani kinachobebeka? Dakika ngapi, masomo yapi, shada la mishumaa litumikeje lisiwe pambo tu, na akikosa siku mbili tatu afanyeje? Na aliyefiwa, au asiye na moyo wa sherehe kabisa, hayo matumaini anayapata wapi?

Katekista_Mzee

Milele amina.

Naanza na kalenda, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, kwa hiyo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Kipindi kizima kina siku 22 hadi 28. Krismasi ikiangukia Jumatatu, kama ilivyokuwa 2023, "wiki ya nne" ni siku moja: asubuhi Dominika, jioni mkesha. Ukiwa umeiahirishia wiki hiyo mambo saba, yamekula kwako.

Kisha jueni kwamba kuna vipande viwili. Hadi 16 Desemba liturujia inatazama zaidi kurudi kwa Kristo mwisho wa nyakati: kesheni, muwe tayari, Yohane Mbatizaji anapiga kelele nyikani. Kuanzia tarehe 17 ndipo tunageukia Bethlehemu. Watu hukiruka kipande cha kwanza kwa kuwa kinatisha, kumbe tumaini lenyewe limelala humo: yaliyopinda hayatabaki yamepinda. Ukikimbilia horini siku ya kwanza, tarehe 15 huna tena cha kungojea.

Kwa mtu uliyemweleza, dakika 15 jioni, zisizidi. Mbili za kuketi na kuwasha mshumaa. Nne za kusoma kifungu mara mbili kwa sauti ya chini. Sita za kimya. Tatu za kumwombea mtu mmoja kwa jina lake, umalizie na Baba Yetu. Kimya ndicho huvunjika kwanza, na mvunjaji ni simu. Iwe chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakusaidii, mkono unaijua ilipo.

Masomo: shika Isaya peke yake, kifungu kimoja kwa wiki, kile kile kila jioni. 2:1-5, kisha 11:1-10, kisha 35:1-10, mwisho 7:10-14. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na hivyo ndivyo somo la kwanza linavyokwenda katika mwaka A (la tatu nimeliongeza aya chache), lakini hakuna anayekuzuia kuvitumia mwaka B au C. Faida ya kurudia huonekana siku ya tatu au ya nne. Chukua 11:1. Mara ya kwanza unasikia "chipukizi" na kuridhika. Ukirudia, jicho linateremka kwenye shina lenyewe: mti wa ukoo wa Daudi umekwisha kukatwa, kilichobaki ni kisiki. Nabii hasemi mti utaponywa. Anasema kitu kitatoka pale pale palipokatwa.

Ukikosa siku, imepita. Hakuna kulipa madeni. Mtu huachwa nyuma siku ya tano, Jumamosi anajaribu kusoma kurasa nne kwa mpigo, Jumatatu kitabu kinawekwa kabatini.

Utambi

Shada nalifafanua mimi. Lilianza kama chombo cha kuhesabia. Mwaka 1839 mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini Hamburg, Ujerumani, alitundika gurudumu lenye mishumaa midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili, kwa kuwa watoto hawakuchoka kuuliza Krismasi ni lini. Mduara wa majani wenye mishumaa minne tu ulifuata baadaye. Rangi zinatofautiana: Wakatoliki wengi huweka mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi kwa Dominika ya tatu, wengine huweka yote myekundu au ya bluu. Msigombanie rangi.

Pigeni hesabu ya nta kabla ya kununua. Mwaka ambao Krismasi ni Ijumaa, kama 2026, ukiwasha dakika 15 kila jioni kuanzia Jumamosi ya kuamkia Dominika hadi 23 Desemba, ukiongeza mshumaa mmoja kila wiki, wa kwanza utawaka jioni 26, yaani saa sita na nusu. Wa pili jioni 19, saa nne na dakika 45. Wa tatu jioni 12, saa tatu. Wa nne jioni 5, saa moja na robo. Mwishoni unapata ngazi, mfupi hadi mrefu, na ngazi hiyo ndiyo kalenda yako. Kosa la kawaida ni kuwasha yote minne siku ya kwanza ili ipendeze kwenye picha. Kosa la pili ni kuubadilisha wa kwanza ukifupika ili ilingane na mingine. Uache! Ufupi wake ni jioni zilizopita.

Tahadhari. Majani mabichi hukauka, na yakikauka moto unayashika kama karatasi. Yabadilishe mara yanapoanza kukatika mkononi, na yasifike karibu na mwali. Mishumaa isimame kwenye sahani ya bati yenye mchanga. Utambi ukatwe ubaki kama milimita 6, ukizidi unatoa moshi na nta inachuruzika. Usiende kulala ukiwaka.

Sauti_ya_Pili

Katekista, nakuheshimu, ila hapo kwenye jioni nakupinga. Mtu aliyeingia saa moja, akala, akaketi mbele ya mshumaa gizani, atasinzia dakika ya pili. Kusinzia si dhambi, ni mwili unadai chake. Dakika hizo azihamishie asubuhi kabla ya kufungua ujumbe wowote, au mara tu anapoingia, kabla hajavua viatu na kukaa kwenye kochi. Na alale. Mtu mzima anahitaji walau saa saba, na hakuna sala inayofidia usingizi wa saa nne.

Jambo lenyewe ni kupunguza. Watu huingia Majilio kwa kuongeza: novena (sala ya siku tisa), kitabu, kikundi kipya. Andika kila kinachokusubiri hadi 24 Desemba, uweke alama kwenye ambavyo visipofanyika hakuna atakayeumia. Chagua vitatu uvifute wiki ya kwanza. Ya tatu utakuwa umeshaahidi watu na aibu itakubeba.

Sherehe za vikundi zisukumeni hadi baada ya tarehe 25. Krismasi ya Kanisa haiishi siku ile. Inaendelea hadi Ubatizo wa Bwana, Januari. Ukipeleka tafrija ya kwaya wiki ya kwanza ya Januari, umeokoa jioni nzima ya Desemba na watu wanakuja wakiwa na nafasi.

Kwa wanakwaya: liturujia yenyewe imeshafunga breki, tuzitumie. "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi Dominika za Majilio, ingawa Aleluya inabaki. Kinanda na maua vinatakiwa kwa kiasi. Basi msijaze pengo kwa wimbo mwingine wa mbwembwe. Mazoezi yagaweni: nyimbo za Krismasi siku moja kwa wiki, siku nyingine za Majilio, na siku ya tatu ifutwe. Wimbo ambao haujashika baada ya mazoezi matano hautashika kwa la sita; chagueni mwepesi zaidi.

Zamu_ya_Usiku

Swali la mfiwa limerukwa, nami naona ndilo zito.

Dominika ya tatu inaitwa ya Furaha. Tazameni Injili yake katika mwaka A: Mathayo 11:2-11. Yohane yuko gerezani, anawatuma wanafunzi wakamuulize Yesu kama ndiye yule ajaye au wamtazamie mwingine. Siku ya furaha, Kanisa linatusomea mtu aliyefungwa na mwenye mashaka, na Yesu hamkemei. Aliyefiwa asilazimishwe kuchangamka. Somo hilo, na Zaburi 130, vinamtosha kipindi kizima.

Kwenye zaburi hiyo kuna walinzi wanaoingoja asubuhi. Mlinzi haiharakishi asubuhi, na hana shaka kama itakuja. Kazi yake ni kubaki macho. Kiebrania cha "tumaini" ni *tikva*, na neno hilo hilo ndilo kamba, ile ya uzi mwekundu ambayo Rahabu aliifunga dirishani katika Yoshua 2. Kwa hiyo usiulize unajisikiaje. Uliza umeshika nini. Siku mbaya, kushika kwenyewe ni kuwasha mshumaa, kusoma mstari mmoja, na kuuzima.

Ila tutofautishe. Huzuni nzito inayodumu kila siku wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikiwa vimevurugika, au mawazo ya kujidhuru, hayo yanahitaji daktari, na mawazo ya kujidhuru hayangoji hata kesho. Mshumaa usitumike kuchelewesha hospitali.

Nuru_Alfajiri

Asanteni sana, nimenakili yote. Asubuhi nimeikubali. Dogo la mwisho: kuanzia tarehe 17 nibaki na Isaya au kuna kingine?

Katekista_Mzee

Sauti ya Pili kanikamata kwenye usingizi, nakubali.

Kuanzia 17 hadi 23 weka Isaya pembeni ukitaka, utumie antifona (viitikio vifupi) saba za Masifu ya Jioni, ile sala ya jioni ya Kanisa, moja kwa siku: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Nyota ya Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Ni sentensi chache tu, na kila moja inaishia na ombi la "njoo". Kwa Kilatini, herufi za kwanza za majina hayo zikisomwa kutoka la mwisho kurudi la kwanza zinatoa *ero cras*, "kesho nitakuwapo". Na hesabu ya Utambi iko sawa: ya mwisho ni jioni ya 23. Jioni ya 24 ni Krismasi tayari, usiwashe shada kwa ajili ya Majilio.