Tupeane uzoefu: Nini kiliileta kampuni ya nje, na sharti gani la Serikali liliibadili?

Mwanzisha mada: Wanajukwaa, salaam. Kwamba kampuni huvuka mipaka kutafuta masoko, malighafi na vibarua wa bei nafuu, na kwamba Serikali mwenyeji huzivutia kwa misamaha ya kodi na kuzibana kwa masharti, hayo tunayajua. Ninaomba aliyefanya kazi ndani ya kampuni hizo, au aliyezihudumia hapa Dar es Salaam, aeleze alichokiona kwa macho yake.

WakalaKurasini: Nimetoa mizigo bandarini kwa miaka 18. Mteja wangu mmoja alikuwa akileta rangi za nyumba zikiwa tayari kwenye makopo, na kila kontena likilipiwa ushuru wa asilimia 25, kiwango ambacho Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uliziwekea bidhaa nyingi zilizokamilika tangu mwaka 2005, ilhali malighafi nyingi huingia kwa asilimia sifuri. Walipopiga hesabu, makopo yakakoma. Yakaanza kuja mapipa ya kemikali na magunia ya unga mweupe, wakakodi ghala Barabara ya Nyerere na kufunga mashine mbili za kuchanganyia. Wanaosema waliifuata amani yetu hawakuziona ankara zao. Waliuona ukuta wa ushuru, wakahamia upande wa ndani.

HisaMia: Mimi sikuajiriwa, nilinunua. Sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom iliuza zake mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, nami nikachukua mia moja. Awali zilikuwa za Watanzania pekee, kisha wageni nao wakaruhusiwa. Barua ya mkutano mkuu ilipofika, mke wangu aliuliza kama wanahisa tutapewa vocha.

FundiMitambo: Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 humtaka mwajiri aandae Mtanzania atakayemrithi mtaalamu wa nje. Katika kiwanda nilichofanyia kazi, aliyeandikwa kuwa mrithi nilikuwa mimi. Kwa miaka miwili nilimfuata fundi mkuu na daftari mkononi. Alikuwa mzee mwema, aliyenifundisha kuisikiliza beringi kwa kugusisha bisibisi kwenye mashine na mpini wake sikioni. Kibali chake kilipokaribia kwisha nikajiandaa kukabidhiwa. Kampuni ikabadili jina la nafasi tu: Meneja wa Matengenezo akawa Mshauri wa Ufundi, makaratasi yakaanza upya, na jina langu likaandikwa tena palepale. Sheria sina ugomvi nayo. Aliyekosekana ni ofisa wa kufika kiwandani na kuuliza kazi hizo mbili zinatofautiana wapi. Nilivumilia mwaka mmoja zaidi, nikaondoka. Sasa nina karakana yangu Buza.

Mwanzisha mada: Pole, ndugu. Na mshauri huyo bado yupo?

FundiMitambo: Alistaafu. Amekuja mwingine kwa cheo hichohicho cha mshauri, na mrithi aliyeandikwa safari hii ni kijana niliyemfundisha mimi.