Naomba ushauri: wageni 14, oveni moja, na mayai yanayokauka

Habari zenu wapendwa. Nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Sikukuu hii nimejitwika kualika ndugu na marafiki 14 kwa mlo wa saa tano asubuhi, ule unaounganisha chai na chakula cha mchana. Mapambo nimeshamaliza: nyekundu na dhahabu, mishumaa mezani, taa ndogondogo dirishani. Huko sina shida, ndiko ninakojidai.

Shida ni jikoni. Wiki iliyopita nilijaribu kwa watu 6. Mayai ya kuvuruga niliyapika mapema nikayafunika vizuri. Kufunua sufuria, yamekauka juu, chini yanaogelea kwenye maji, na rangi imeelekea ukijani. Watu walikula kwa heshima tu. Mkate niliouloweka usiku kwenye maziwa na mayai, nikauoka asubuhi, ulitoka safi, kwa hiyo huo unabaki. Ila ndio unaishika oveni dakika 45 nzima.

Najua chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 60, wala kisikae mezani zaidi ya saa 2. Na wageni wangu wengine hufika wanapojisikia!

Sasa naomba kujua: mayai ya watu 14 niyapikeje kwa mkupuo mmoja bila kukauka, bila kugombania oveni na mkate? Na wanaochelewa, niwasubiri, au nitangulize matunda na vitu baridi kwanza?

Asanteni sana.