Mollaei: Iran, Mongolia, Azerbaijan. Sheria ya kuhama taifa kwenye judo ikoje?

Tatami_Kavu:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mwanajudo Saeid Mollaei alitwaa ubingwa wa dunia uzito wa kilo 81 kule Baku 2018 akiwa na IRI (Iran) mgongoni. Julai 2021, Olimpiki ya Tokyo, akachukua fedha kwa MGL (Mongolia). 2022 akahamia AZE (Azerbaijan). Ninavyojua, ukihama unakaa nje miaka mitatu. Huyu alipenya wapi? Na pasipoti mpya peke yake inatosha?

Kilo81:
Haitoshi mkuu. Kanuni ya 41 ya Mkataba wa Olimpiki inataka uraia, kisha ipite miaka mitatu tangu ulipoiwakilisha nchi ya zamani kwa mara ya mwisho. Angalia vizuri mwanzo wa hesabu: ni shindano la mwisho, si siku ya kupewa pasipoti. Mtu akishapata karatasi zake, halafu akakubali kuitwa "mara moja tu" na timu ya zamani kwenye ubingwa wa bara, anaanza kuhesabu upya.

Muda huo bodi tendaji ya IOC, kamati ya kimataifa ya Olimpiki, inaweza kuupunguza au kuufuta kabisa, kwa makubaliano ya kamati za Olimpiki zinazohusika na shirikisho la kimataifa, ambalo kwenye judo ni IJF. Mollaei aliichezea Iran mara ya mwisho Agosti 2019. Mpaka Olimpiki ni miezi 23. Bila nafuu hiyo asingekanyaga tatami (mkeka wa judo).

Obi_Nyeusi:
Na kisa chake hakikuwa cha kufuata mshahara. Ubingwa wa dunia 2019, Tokyo, alishinikizwa ajitoe asije akakutana na Sagi Muki wa Israel. Akacheza, akapigwa nusu fainali na Matthias Casse wa Ubelgiji, akakosa na shaba. Muki akaondoka na dhahabu. Nyumbani hakurudi, akaenda Ujerumani. IJF ikaifungia Iran Septemba. CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, ikatengua kifungo hicho 2021 kwa kuwa hakikuwa na ukomo, IJF ikakiandika upya kuwa miaka minne.

Mchezo wa kukwepa Waisraeli ni wa zamani. Athens 2004, Arash Miresmaeili, bingwa wa dunia mara mbili, alipangiwa Mwisraeli pambano la kwanza kilo 66, akapanda mzani akiwa amezidi uzito. Huyohuyo ndiye aliyekuwa rais wa shirikisho la Iran sakata la 2019 lilipotokea!

Mongolia haikubahatisha pia. Rais wa nchi wakati huo, Khaltmaagiin Battulga, ni mtu wa judo, amekiongoza chama chao. Uraia ukatoka mwishoni mwa 2019. Februari 2021 Mollaei akaenda kucheza Israel kwenyewe, Tel Aviv, akarudi na medali ya fedha.

Kilo81:
Jambo ambalo wanaohama hawalipimi: Olimpiki nchi inapeleka mtu mmoja tu kwa kila uzito. Ukihamia Japani au Ufaransa ukiwa wa nne kwenye kilo zako, umejifungia ndani. Kwa Tokyo, 18 wa juu duniani kila uzito walipita moja kwa moja, ila mmoja kwa nchi. Angalia msururu wa nchi unayokwenda kabla ya kuangalia posho.

Halafu kuna sindano na uzi. Judogi (vazi la judo) nyeupe na ya buluu, zote mbili, kitambaa cha mgongoni chenye jina na herufi tatu za nchi kishonwe upya. Ukifika ukaguzi na herufi za zamani, unarudishwa.

Tatami_Kavu:
Asanteni. Na wale Wakongo wa Rio?

Obi_Nyeusi:
Popole Misenga na Yolande Mabika hawakubadili taifa. Walikwenda Rio na timu ya DRC kwenye ubingwa wa dunia 2013, wakabaki Brazil, wakapata hadhi ya ukimbizi. 2016 walicheza chini ya bendera ya IOC, timu ya wakimbizi ya watu 10. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India kilo 90, akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Mabika alitolewa mapema kilo 70 na Linda Bolder wa Israel, ambaye naye alizaliwa Uholanzi na aliwahi kuvaa NED, herufi za nchi hiyo. Pambano moja la raundi ya kwanza, na wote wawili wamehama, kila mmoja kwa mlango wake.

Tatami_Kavu:
Kwa hiyo anayetaka kuhama kihalali aanzie wapi, ubalozini au kwenye shirikisho lake?

Kilo81:
Shirikisho. Apate kwa maandishi tarehe ya shindano lake la mwisho na kwamba hawana pingamizi, kabla hawajakosana. Wakishakosana, barua hiyo ni ngumu kuliko visa.