MJADALA: 3215031751 inapita kipimo cha namba tasa lakini si tasa. Programu irekebishwe au iachwe?

Mleta mada: Wakuu, ipimeni 3215031751 kwa Miller-Rabin (kipimo cha kutambua tasa kwa kuangalia mabaki), vizio (namba za kujaribia) 2, 3, 5 na 7. Inapita vyote vinne kama tasa halali, kumbe ni 151 × 751 × 28351. Chini ya bilioni 25 ni hiyo peke yake inayopenya hivyo. Kosa moja tu! Mimi nasema msimbo wa programu yetu, unaotumia vizio hivyo vinne, uachwe ulivyo.

Witiri: Napinga. Kosa hilo halitegemei bahati. Namba ni ile ile leo na mtondogoo, na anayeijua ataichomeka makusudi. Isitoshe dawa ni rahisi: vizio 2, 7 na 61. Hakuna namba isiyo tasa chini ya 4759123141 inayovihadaa vyote vitatu, na biti 32 zinaishia 4294967295. Yaani mnafanya kazi ya vizio vinne kupata jibu baya kuliko la vitatu. Ila 2, 7 na 61 zenyewe zipitisheni kando kwanza, la sivyo baki litakuwa 0 na zitakataliwa.

Baki Moja: Tazameni inavyopenya. Toa 1, unapata 3215031750, sawa na 2 × 1607515875. Mbili imetoka mara moja tu, kwa hiyo hakuna hatua ya kuzidisha baki kwa lenyewe: pandisha kizio hadi kipeo 1607515875, gawa kwa namba, na baki likiwa 1 au 3215031750 imepita. Halafu ni namba ya Carmichael, yaani isiyo tasa inayoiga mabaki ya tasa. Punguza 1 kwenye kila kigawo: 150, 750 na 28350 zote zinaigawa 3215031750 bila baki (mara 21433545, 4286709 na 113405). Kizio 11 ndicho kinachoiumbua.

Na mnaoipima kwa biti 64 zenye hasi, angalieni: mabaki mawili yakizidishwa yanaweza kufika 1.03 × 10^19, wakati kikomo ni 9223372036854775807. Zao linafurika, kisha mnalaumu kipimo bure.

Mleta mada: Kwa biti 32 nimenyoosha mikono. Lakini ufunguo wa siri wenye tasa za biti 1024 hauna orodha ya vizio iliyothibitishwa. Huko mnakubali kubahatisha, sivyo?

Witiri: Kubahatisha kwa hesabu. Vizio vichaguliwe ovyo kila mara. Namba isiyo tasa huhadaa si zaidi ya robo ya vizio, basi raundi 40 zinaacha nafasi isiyozidi 1 kwa 4^40. Orodha isiyobadilika ndiyo mtego: mwaka 1995 François Arnault aliunda namba ya tarakimu 397, si tasa, inayopita vizio vyote tasa chini ya 307.

Mleta mada: Basi tuiite tasa yaishe.

Baki Moja: Hapana, "huenda tasa", na idadi ya raundi iandikwe. Uthibitisho kamili upo. AKS (kipimo cha Agrawal, Kayal na Saxena) ya mwaka 2002 hutoa jibu lisilo na shaka, ila kwa biti 1024 ni mzito mno kutengenezea funguo kila siku.