13B ya ndege ya kujijengea: kupanua tundu za pembeni, kukata daraja, au kutoboa hauzing?

Bawa_Jepesi: 13B, injini ya Mazda yenye rota mbili za pembetatu badala ya pistoni, haina turbo. Naomba mlinganisho wa njia hizi tatu za kuingiza hewa zaidi, kwa kazi ya angani, si mbio za magari.

Rota2: Giaboksi yako ina uwiano gani? Anzia hapo. Propela ikizunguka 2,700 kwa dakika, kwa 2.17:1 injini inazunguka karibu 5,900; kwa 2.85:1 inafika 7,700. Kwa 5,900 panua tu tundu za pembeni, yaani za kuingiza hewa zilizo kwenye sahani za ubavuni mwa rota. Nyoa zaidi ukingo wa kufungia, ule ambao rota huufunika mwisho, kwa sababu tundu likichelewa kufunga ndipo nguvu inasogea kwenye mizunguko ya juu. Ukingo wa kufungulia uguse kidogo.

Kata kiolezo cha bati la alumini, kitumie kwenye sahani zote ili rota zipumue sawa. Upande wa ndani usivuke njia ya sili ya oili. Ukivuka, injini itameza oili na kutoa moshi. Ukingo wa kufungia uwe na mteremko laini. Sili ya pembeni ya rota huzama kidogo kwenye tundu, na ikirudi ikakuta kona kali inameguka.

Sili_Kona: Daraja, yaani kukata tundu la ziada kando ya lile la pembeni, achana nalo. Kile kipande chembamba kinachobaki kati ya matundu hayo ndicho kinachobeba sili ya kona ya rota. Kikipata ufa na kukatika, chuma kinapita kwenye rota. Gari utaliegesha kando, ndege je?

Mzee_wa_Giaboksi: Kwa 2.85:1 mimi ningetoboa hauzing, lile ganda linalozunguka rota, hewa iingie hapo. Ila tundu hilo halifungwi kamwe, moshi wa ekzosi unarudi kwenye inteki, na injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini inatikisika hadi meno ya giaboksi yanagongana. Dawa ni kupandisha mizunguko hiyo ya chini; propela itavuta zaidi, basi uwe na breki za kutosha ardhini.

Bomba la alumini la kuingizia hewa hiyo linapita kwenye njia ya maji, hapo ndipo panapovuja. Epoksi haishiki alumini yenye mafuta: kwaruza, safisha, paka, kisha jaribu kwa hewa ya bar 1.5 hauzing ikiwa ndani ya maji ya moto. Mdomo wa bomba usichomoze hata kidogo juu ya kromu ya ndani ya hauzing, utavunja sili ya ncha ya rota. Tundu za pembeni uzizibe.

Bawa_Jepesi: Ni 2.17.

Rota2: Basi washa grinda. Ukimaliza, piga brashi na sabuni kila njia ya oili. Unga wa chuma unakula beringi.